Ng'ombe wa Mguu Wangu

Mguu wangu wa kulia ulilipwa mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Vijana wanaoniletea viatu niwashonee hucheka nikiwaambia hivyo, wakidhani ni mzaha wa mzee. Mimi si mtu wa mzaha sana, na mguu huu si kitu cha kufanyiwa mzaha na kila mpita njia. Nilikuwa na mguu, nikapewa ng'ombe, na kwa ng'ombe yule nikapata mke. Leo sina mguu, sina ng'ombe, sina mke. Nimekaa peke yangu miaka mingi ya kutosha kulifikiria jambo hili, na bado linanikasirisha.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli ikitoka pwani kuja kwetu Ugogo. Ilipokaribia Dodoma, jumbe alituita vijana wa Nzuguni twende kazini. Wengi walitoroka na mifugo porini. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, wakati ule ikiwa bado miwili, kwa sababu nilikuwa nimemwona binti mmoja upande wa Mtumba. Baba yangu alikuwa amekufa, na mifugo yake ilikuwa imeteketea kwa ugonjwa wa sotoka. Kijana asiye na ng'ombe katika nchi yetu alikuwa mgeni hata kwa mama yake. Nilifikiri kwenye reli nitapata chochote cha kuanzia.

Reli ni chuma kizito, na tuliibeba mabegani, kundi zima la wanaume, mmoja mbele ya mwenzake. Kiongozi wetu alikuwa Mnyamwezi mmoja aliyewahi kuwa mpagazi, mtani wangu, mwenye sauti ya kupasua mawe. Yeye hakubeba kitu. Kazi yake ilikuwa kuimba, nasi tukiitikia na kukanyaga pamoja. Tukifika mahali pa kuitua alimalizia wimbo kwa kupiga ukelele, na hapo wote tuliisukuma reli upande mmoja na kuruka upande wa pili. Kabla ya ukelele hakuna aliyeruhusiwa kuachia. Mtu aliyeachia mapema aliitwa majina ambayo hata leo siwezi kuyaandika.

Siku ile mtu wa mbele alikanyaga kokoto iliyolegea akaanguka. Reli ikayumba. Wenzangu wote wakaruka, tena waliruka vizuri, nami siwalaumu. Mimi sikuruka kwa kuwa ukelele ulikuwa haujapigwa. Ndivyo nilivyo. Chuma kilinishukia katikati ya goti na kifundo cha mguu, na niliusikia mfupa kabla ya kuyasikia maumivu.

Waliniletea mganga wa kuunga mifupa kutoka pande za Chemba. Aliufunga mguu wangu kwa vijiti na magome, kisha akachukua kuku akamvunja mguu, akamfunga vilevile, akamwachia uani. Akasema siku kuku yule atakapotembea, nami nifunguliwe nitembee. Basi nililala kwenye ngozi nikimtazama kuku kama watu wanavyotazama mawingu ya mvua. Kuku alitembea, nami nikafunguliwa. Alipona vizuri kuliko mimi.

Mkandarasi wa sehemu yetu alikuwa Mgiriki mmoja mwenye kofia pana. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huona mguu uliovunjika ni ucheleweshaji. Jumbe alinipeleka bomani kwa bwana shauri, yule Mjerumani aliyekuwa akisikiliza kesi za watu. Barazani palikuwa na umati siku hiyo, kila mmoja na lake. Bwana shauri alikijua Kiswahili, ila alikisema kwa kukikatakata, kila neno peke yake. Alisikiliza habari ya reli, akamsikiliza na mkandarasi, kisha akanigeukia.

"Wewe. Tembea nikuone."

Nilikuwa na fimbo mkononi. Nilipoinua macho nilimwona baba wa yule binti wa Mtumba ameketi mstari wa mbele, amekuja kwa kesi yake ya malisho. Alikuwa ananitazama miguu.

Msomaji ambaye hakukulia kwetu atashangaa. Sisi tulipotoka jandoni tulifundishwa kwamba maumivu ni ya mtu mwenyewe, hayatolewi nje kama mkeka wa kuanika. Na mbele ya mkwe ndiyo kabisa. Mkwe huli mbele yake, hupigi chafya mbele yake ukiweza kuizuia, na humwonyeshi kwamba binti yake anakwenda kumtunza mgonjwa. Hakuwa mkwe wangu bado, lakini ndiyo sababu hasa ya kujihadhari. Niliiweka fimbo chini, nikatembea mpaka kwenye mlingoti wa bendera na kurudi, kifua mbele, nikisaga meno. Jasho lilinitoka mpaka visiginoni.

Bwana shauri alicheka. "Huyu anatembea kama askari," akasema.

Kwa mwendo ule nikapimiwa mtamba mmoja wa kulipwa na mkandarasi. Nadhani ningechechemea ningepata zaidi, lakini yule mzee wa mbele aliitikia kwa kichwa, na kichwa chake ndicho nilichokuwa nakitafuta. Bwana shauri aliuliza kama nimeridhika, nikasema nimeridhika. Kisha jumbe, ambaye hakuamini shauri linalokwisha kwa maneno matupu, aliomba lifungwe kwa desturi yetu. Akachinjwa mbuzi nje ya boma, maini yakachomwa, nikauma kipande na mkandarasi akauma kipande, uso wake umekunjamana chini ya kofia. Jumbe akasema mbele ya wote, "Shauri limezikwa. Atakayelifukua, kwanza arudishe kilicholizika." Tukafuta mikono kwenye majani, kila mtu akaenda zake.

Mtamba yule hakulala zizini kwangu hata siku moja. Wajomba walikuwa wamenichangia ng'ombe wa mahari, na alikuwa amebaki mmoja wa kutimiza. Yeye ndiye aliyetimiza. Nilimswaga mpaka Mtumba, na mkwe akampapasa mgongoni akasema huyu ndiye mzuri kuliko wote. Nami nikapewa mke.

Siku ya kwanza tu mke wangu aliijua siri yangu. Nilikuwa natoka mlangoni, nikajikwaa, nikashika ukuta.

"Kumbe baba amenipa mume wa miguu miwili kasoro," akasema.

"Nimejikwaa."

"Umejikwaa kwenye nini? Hapo pameshafagiliwa."

Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Macho yake hayakudanganyika, na hakuwa na subira na mtu anayejaribu. Lakini hakumwambia mtu. Tulipokwenda shamba la uwele alitangulia polepole, akisingizia anachuma mlenda njiani, ili nisionekane nimeachwa nyuma. Akiona nimekunja uso aliniambia pumzika, nami nilimjibu sijachoka, naye aliketi chini yeye, akasema basi yeye ndiye amechoka. Nikaketi naye. Nilimpenda sana. Sikumwambia, maana kwetu wanaume hatukuwa na maneno hayo, lakini nilijua hata wakati ule kwamba sijawahi kukaa na mtu raha kiasi kile.

Tulivuna, tukalima tena. Msimu wa palizi kovu likaanza kuwaka moto. Likavimba, likapasuka, pakatoka maji, na baadaye pakatoka kipande cha mfupa chembamba kama mwiba wa mgunga. Mke wangu alichemsha majani machungu, akatia chumvi ile inayokwanguliwa mbugani, akauosha mguu. Ukafunga. Ukapasuka tena pengine. Ikawa hivyo, ukifunga huku unafunguka kule, na kila ukifunguka hutoa kipande.

Na harufu. Hilo ndilo lililonimaliza. Watu wa Nzuguni hawakunitukana wala kunifukuza, walikuwa majirani wema. Ila penye pombe waliniletea kibuyu changu nje, upande wa upepo, wakisema huku kuna hewa nzuri. Aliyekuja kunisalimia alisimama, hakuketi. Nilikuwa na watu pande zote na nilikuwa peke yangu. Mke wangu tu ndiye aliyekaa karibu yangu, na hata yeye nilimwona siku moja amegeuza uso avute pumzi kabla ya kuuinamia mguu. Niliumia siku ile kuliko siku ya reli.

"Nenda bomani," akaniambia. "Walikulipa kwa mguu uliopona. Huu haukupona."

"Shauri limezikwa. Maini yameliwa."

"Basi lifukue. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikapanda punda wa jirani mpaka bomani. Bwana shauri alikuwa yuleyule, na alinikumbuka. "Wewe ulitembea," akasema. "Mimi niliona kwa macho yangu mwenyewe." Niliufungua mguu. Akatoa kitambaa akajiziba pua, akatazama bendera. Niseme haki, hakunifukuza. Alisema daktari anaweza kuuona, na mkandarasi bado yupo upande wa Saranda anaweza kuitwa. Lakini jumbe naye alikuwapo, akamkumbusha maneno aliyoyasema yeye jumbe siku ya maini: anayefukua arudishe kwanza. Bwana shauri akaipenda desturi ile ghafla. Nadhani aliona ni dawa ya watu wote wanaorudirudi bomani, kwa sababu nani katika Ugogo atamrudisha ng'ombe?

"Leta ng'ombe," akasema. "Halafu nitasikiliza."

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Ng'ombe wa mahari si wako tena, ni wa wakwe, na huwezi kumwomba bila kuonekana unamrudisha mke. Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anatwanga, hakuacha kutwanga.

"Muombe baba akuazime," akasema. "Utamwonyesha Mjerumani, utamrudisha. Ng'ombe akae zizini kwa baba na wewe uoze hapa, mimi nitafaidi nini?"

Tukaenda wote wawili. Mkwe alitupokea vizuri, akanipa kigoda. Nilikaa mbali kidogo na mguu nimeufunga kwa ngozi. Alikuwa na pua kama watu wengine, lazima aliisikia harufu, lakini hakuuliza, nami sikusema. Nilisema tu kwamba bomani wanamhitaji yule mwekundu kwa muda mfupi kwa ajili ya shauri la zamani. Mke wangu alitaka kunena, nikamkata jicho, akanyamaza.

Mzee akasema bila ukali wowote, "Mwanangu, ng'ombe wa mahari hatoki kwenye zizi hili kwa kamba ya mkwe nafasi yake ikabaki wazi. Akitoka, binti atakaa hapa kuishika nafasi. Akirudi, naye atarudi kwako. Hatuvunji kitu. Tunashikilia tu."

Ndiyo ilikuwa desturi, na mimi mwenyewe nisingeisema vingine kama ningekuwa mahali pake. Mke wangu aliweka chini mtungi aliokuwa ameshika. Alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Alinifunga upya kitambaa cha mguu, akakaza fundo, akasema nisikae sana. Nikasema sitakaa.

Ng'ombe wakati huo alikuwa na ndama, na ndama alibaki. Kwa hiyo njia nzima alikuwa akisimama, anageuka nyuma, analia. Nilimvuta kwa kamba huku nikijiburura. Mwishowe nikaanza kuzungumza naye. Nilimwambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia hata mke wangu, jinsi mguu ulivyoniuma usiku na mchana, jinsi nilivyoogopa kufa. Alisimama akanisikiliza, akajisaidia barabarani, tukaendelea.

Bwana shauri alipomwona ng'ombe aliinuka kitini. Hakutegemea. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na shauri langu likafunguliwa. Ng'ombe aliwekwa katika zizi la boma awe dhamana mpaka daktari aseme, ndipo mkandarasi aamriwe kuongeza na mimi nirudishiwe wangu. Daktari wa Dodoma aliuangalia mguu, akaugonga kwa kidole, akasema hauna kazi tena, niende hospitali kubwa ya pwani. Nikapakiwa kwenye gari la moshi. Nilipita juu ya reli zilezile, nikiwa nimelala sakafuni mwa behewa la mizigo kati ya magunia, nikijaribu kukisia ni wapi ile yangu. Zote zinalia sauti moja.

Pwani waliukata juu ya goti. Sitaki kueleza. Nilipozinduka niliutafuta kwa mkono, na ule mguu usiokuwapo ulikuwa unaniuma kidoleni. Unaniuma hata leo. Wodini hapakuwa na Mgogo mwingine. Kiswahili changu kilikuwa cha kubebea reli, kizuri kwa kuhimizana na kutukanana, hakikufaa kumwambia mtu kwamba unamkumbuka mkeo. Nikawa kimya siku nzima, wakadhani mimi ni bubu. Nilipojua kutembea kwa magongo, vita vikaanza, na magari ya moshi yakawa ya askari. Nikawekwa jikoni kumenya viazi. Kila siku nilimuuliza mpishi kama kuna gari la kwenda bara, na kila siku alisema kesho. Vita vile vilikula kesho nyingi sana.

Niliporudi Dodoma, Mjerumani alikuwa ameondoka. Bendera kwenye ule mlingoti ilikuwa nyingine. Mkalimani mmoja wa zamani alikuwa bado amekaa barazani, nikamuuliza habari ya shauri langu na ng'ombe mwekundu mwenye doa.

"Ng'ombe walioachwa bomani waliliwa mwanzo kabisa wa vita," akasema. "Na shauri la Mjerumani, mzee wangu, Mjerumani amekwenda nalo."

Aliniita mzee. Sikuwa mzee. Nilitoka nikakaa chini ya ukuta wa boma. Shauri langu lilikuwa limefunguliwa kweli, na hapakuwa na mtu wa kulifunga. Nilitaka kulia, lakini watu walikuwa wanapita.

Nilikwenda Mtumba kwa magongo. Njia ile mtu mwenye miguu mizima huiona fupi. Kwapa zilichubuka, na kisiki cha mguu kiligonga kwenye gongo mpaka kikatoa damu. Nilipofika nilijificha kwanza nyuma ya kichuguu nikajifuta, nikavuta nguo ifunike damu, ndipo nikaingia uani kwa mkwe.

"Mbukwenyi," nikasalimu kwa kwetu, nao wakaitikia. Mzee alikuwa amekonda. Zizi lilikuwa wazi, hakuna hata ndama, majeshi yalikuwa yamepita na kuchukua. Mvua nayo haikuwa imeonyesha dalili. Mke wangu alitoka ndani na maji katika kibuyu. Alinitazama magongo, akatazama mahali ambapo mguu haukuwapo, akanipa maji kwa mikono miwili.

"Ng'ombe hakurudi," mzee akasema.

"Hakurudi, baba."

"Wangu nao hawakurudi. Siku hizi hakuna wa kumdai mwenzake ng'ombe, sote tumekuwa sawa." Akakuna kidevu. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi. "Binti yuko. Hajaolewa na mwingine. Una neno la kusema?"

Huo ulikuwa mlango, na aliufungua yeye mwenyewe. Nilikuwa nimetembea siku nzima kuufikia. Lakini nilikuwa nimekuja mikono mitupu, mwanaume nusu, katika mwaka unaonuka njaa, nikashikilia magongo yangu tu. Nilikuwa nangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, labda ukelele wa kunijulisha kwamba sasa naweza kuachia.

Mke wangu akasema, "Mguu unauma?"

"Hauumi."

"Hata kidogo?"

"Umepona," nikasema. "Nilikuja kuwasalimia tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia siku ile barazani. Nikainuka. Niliaga vizuri, nikageuka, nikaondoka. Nilijua wananitazama, kwa hiyo nilitembea. Sijawahi kutembea vile kwa mguu mmoja wala kwa miwili, mgongo umenyooka, magongo yanakwenda sawasawa, bila kusimama, mpaka nilipoteremka korongoni mahali ambapo macho hayafiki. Hapo nikaanguka. Nilikaa katika mchanga wa korongo lile mpaka jua likageuka, nikisikiliza. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba nitasikia miguu inakuja. Nilisikia njiwa. Baadaye nikaenda zangu.

Njaa ikaja kama tulivyoinusa. Nikasikia kwamba ameolewa na mtu wa Chemba aliyekuwa na mtama ghalani, nikasema afadhali, atakula. Nilimaanisha. Misheni wakanichukua, wakanifundisha kusoma, wakanifundisha na kushona viatu. Fundi viatu mwenye mguu mmoja, unaweza kuwaza utani niliopata. Nimekaa na kibanda changu karibu na soko la Dodoma tangu wakati huo. Jioni nasikia gari la moshi likipita. Sikuoa tena.

Alikuja siku moja ya soko, miaka mingi baadaye. Nilimtambua kabla hajafika. Alikuwa mama mtu mzima, mnene kidogo, na kandambili ya ngozi mkononi iliyokatika kamba. Alinipa bila kusema lolote, akaketi kwenye gogo langu la wateja, karibu yangu.

Nikashona. Tukaulizana habari za wazee waliokufa, za mvua, za watoto wake. Kisha akasema, akitazama sindano na si mimi:

"Siku ile nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Ulikuwa nyuma ya mlango. Baba alikuwa amenikubalia tangu jana yake, tulikuwa tumesikia unakuja. Ulipoinuka nikajisemea, akisimama njiani kupumzika hata mara moja, nitajua bado ni mgonjwa wangu, nitambebea magongo. Nikakutazama mpaka korongoni."

Nikavuta uzi.

"Hukusimama," akasema.

Maneno yote yalikuwapo. Mchanga wa korongo, damu chini ya nguo, njiwa, jua lililogeuka. Yalikuwa yamekaa mdomoni kwangu tangu siku ile, na sasa hapakuwa na mkwe barazani, wala umati, wala bwana shauri. Tulikuwa wawili tu. Mguu usiokuwapo ulikuwa unaniuma kidoleni kama kawaida yake. Nikakata uzi kwa meno, nikampa kandambili yake.

"Siku ile haukuwa unauma," nikamwambia.

Akaivaa, akaijaribu chini. "Haya," akasema. Akakaa bado kidogo kwenye gogo, kama alivyoketi zamani shambani akisingizia uchovu, akinipa nafasi ya kusema. Kisha akainuka.